Gari la Kiingereza la Fundi Cherehani

Mtaani walimwita Bwana Mkubwa, na hakuna jina lililomchosha kama hilo. Alikuwa fundi cherehani, mshona suti, mwenye chumba kimoja cha kazi kinachotazama barabara na vyumba viwili vya kupanga kwa nyuma. Sasa ukubwa huo ulitoka wapi? Ulitoka uani, chini ya turubai alilolishona kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo lilipolala gari la Kiingereza la zamani, jeusi, refu, lenye taa mbili za duara na pua ya fedha iliyoinuka kama ya mtu asiyetaka salamu za watu wadogo.

Lilikuwa la mteja wake, wakili aliyeshonewa suti na fundi huyu mpaka ile aliyozikwa nayo. Warithi walilikuta bandani, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, wakataka liondoke upesi. Fundi alikuwa na kiwanja, mahali ambapo yeye na mkewe walikusudia kujenga. Akakitoa kiwanja, akachukua gari. Wenye akili zao walisema amerogwa. Mkewe hakusema neno, na mwanamke akinyamaza katika jambo la namna hiyo, ujue limemwingia.

Tuseme kweli, gari lilikuwa na haki ya kupendwa. Ukifunga mlango wake haupigi kelele, unajifunga taratibu kama unakuheshimu. Ndani kulikuwa na mbao halisi iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, na harufu ya ngozi ambayo hata kuku hawakuweza kuifukuza. Lakini kilichommaliza fundi ni mshono. Siku ya kwanza alipitisha kidole kwenye viti, akakuta mishono midogo, iliyonyooka, isiyo na fundo hata moja, akajua kwamba mahali fulani ng'ambo kulikuwa na fundi mwenzake aliyeviinamia viti hivi bila kuwaza kurudi nyumbani. Machozi yalimlengalenga. Mtu wa kazi nyingine asingeona kitu.

Basi akapenda, na apendaye huita chongo kengeza. Gari lilivuja mafuta kila lilipolala. Fundi magari alimwambia, "Bwana Mkubwa, hili likiacha kuvuja uogope, maana yake mafuta yameisha." Mvua ikinyesha taa zilikataa, jua likiwaka maji yalichemka. Vipuri havikupatikana dukani, vikiagizwa vilifika baada ya watu kusahau viliagizwa kwa nini, na mara nyingine havikuwa vyenyewe. Akajifunza kuchonga mipira ya kuzuia mafuta kutoka soli za viatu. Alishinda Jumapili chini ya gari, mgongo kwenye saruji, akitoka hawezi kusimama wima mpaka ashike ukuta.

Na watu! Mwenye nyumba akija kudai kodi analitazama turubai kwanza, kisha anasema, "Mtu kama wewe, kweli?" Kamati za harusi zilimkalisha mbele na kumpa kadi ya mchango ya wakubwa. Wateja walianza kudhani bei yake imepanda, wakahamia kwa mshonaji wa mtaa wa pili, ambaye alikwenda kwa miguu na alikuwa amejenga. Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Nani amuulize Bwana Mkubwa kama amekula?

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja alilolifanya vizuri, na majirani wa kike walilisema kwa waume zao mpaka wakachukiwa. Kila alipompandisha mkewe, alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akamshika kiwiko, akamkalisha, akafunga. Wakifika, vilevile. "Gari hili mwanamke hajifungulii mlango," alisema. Mwaka hadi mwaka, hakukosa hata mara moja.

Miaka hiyo hiyo macho ya mkewe yakaanza kufa. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Mwanzoni alisema taa za nyumbani hazina nguvu, kisha akaacha kutunga uzi kwenye sindano za mumewe, kisha akawa anamjua mtu kwa sauti. Daktari wa macho alikuwa akija hospitali kuu kutoka mbali, kwa nadra, akipasua kwa siku chache na kuondoka. Mama huyu alisubiri zamu yake muda mrefu, na zamu ilipofika waliambiwa waziwazi: asiyekuwepo asubuhi jina likiitwa, anarudi mwisho wa foleni. Mwisho wa foleni hiyo ulikuwa mbali, na mwanga uliombakia ulikuwa mdogo.

Jirani yao mwenye teksi alikuja siku moja kabla. "Shemeji nitampeleka mimi. Bure kabisa. Tukitoka alfajiri tunafika mapema."

"Asante, jirani," fundi akasema. "Lakini gari lipo."

"Najua lipo. Ndiyo maana nimekuja."

Mkewe alicheka. Fundi hakucheka. Jirani alipoondoka, mke akasema polepole, "Baba watoto, mimi nataka kufika. Kufika tu. Hata kwa toroli."

"Siku ya kurudishiwa macho yako upande kijiteksi kile kinachonuka samaki? Nimelifanyia kazi wiki nzima. Tutafika."

Mkewe alikuwa na miaka mingi ya ndoa na uchovu wa kubishana kuhusu chuma. Akasema, "Haya."

Asubuhi fundi alivaa suti yake ya kijivu, akazunguka, akafungua mlango, akamshika kiwiko. Gari likawaka bila kelele, kwa ule mnong'ono wake. Watoto waliokuwa wakienda shule walisimama kando ya barabara, mdomo wazi, na kwa mwendo wa dakika kadhaa fundi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini. Halafu wakafika kwenye mwinuko, nje ya mji, na gari likanyamaza. Halikukohoa wala halikutikisika. Lilinyamaza tu, kama mgeni aliyekasirishwa na jambo na hataki kulisema.

Akajaribu kuliwasha. Betri ikatoa mguno mmoja, wa pili haukuja.

Pikapu ya matofali ikasimama nyuma yao. Dereva wake, mtu wa tumbo na bashasha, akashuka. "Shikamoo mzee. Betri hiyo. Nina waya hapa, nakuazima moto, sasa hivi linawaka."

"Marahaba, mwanangu. Nitashukuru."

Hapo ndipo fundi alipokosea. Magari yote ya siku hizi, upande hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi la gari. Gari hili Waingereza waliona vema kufunga upande chanya, kinyume na dunia. Fundi alilijua jambo hilo kama anavyojua sala. Lakini aliona vumbi kwenye ubavu wa gari, na dereva wa watu amesimama pale analitazama, akaona haya. Akatoa kitambaa mfukoni, akainama kufuta, huku dereva akiunga waya kama anavyounga magari yote. Alikuwa bado anafuta aliposikia kitu kikilia ndani, ukafuata moshi, mweupe, wa nyaya zinazoungua, ukitoka chini ya ile mbao nzuri.

"Mama yangu!" dereva akapiga kelele, akichomoa waya. "Mzee, hili gari limekaaje?"

Fundi akamweleza limekaaje.

"Sasa kitu kama hicho nani angejua?"

"Mimi," fundi akasema.

Akaketi ukingoni mwa barabara. Hakuwa na hasira na mtu. Alichoka, basi, uchovu wa Jumapili zote zile ukamshukia mara moja. Dereva alimhurumia, akasema, "Mimi napita hospitali. Mbele nina nafasi moja tu, nyuma ni matofali. Mama apande. Wewe mzee chagua, matofali au ubaki na gari lako. Ila ukiliacha hapa, mpaka jioni utakuta vyuma."

Hilo halikuhitaji mtabiri. Fundi alizitazama taa, pua ya fedha, viti. Maneno alikuwa nayo tayari: Mama watoto, tangulia, mimi nitakuja. Kuna ubaya gani? Hospitalini kuna manesi.

Mkewe alikuwa amechoka kusubiri kufunguliwa. Akafungua mwenyewe, akashuka, akaifuata sauti ya injini mpaka kwenye pikapu. Akanyoosha mkono kutafuta kitasa. Mkono ukagusa kioo cha pembeni, ukashuka, ukapapasa bawaba, ukarudi juu, ukapapasa bawaba tena. Alikuwa akikitafuta kitasa upande usiokuwa na kitasa. Na uso wake alikuwa ameugeuzia kwingine, ametabasamu kidogo, kama mtu anayetazama mandhari, ili watu wasione kwamba haoni.

Fundi aliutazama mkono ule. Alijua kwamba mkewe haoni, alijua kama unavyojua habari. Lakini miaka yote alikuwa akimfungulia mlango na kusifiwa kwa hilo, na hivyo hakuwahi kumwona akiutafuta.

Akainuka. Alimshika mkono, akauweka kwenye kitasa, wakafungua pamoja, akamkalisha. Kisha akapanda juu ya matofali na suti yake ya kijivu. Milango ya gari hakuifunga. Aligeuka kulitazama, nisikudanganye, tena aligeuka mpaka lilipomezwa na mwinuko.

Walifika jina likiitwa.

Kesho yake asubuhi, fundi akiwa ametoka kulala kwenye benchi la wodi, jirani wa teksi alimjia na sura ya msiba. Alikuwa amelipita gari njiani. Taa zimeondoka, alisema, na magurudumu, na ile pua. Vilivyobaki wamevikatakata.

"Na viti?"

"Na viti."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Jirani alikuwa ameandaa pole ndefu, akakosa pa kuiweka.

Nesi akamwita fundi ndani. Alikuwa akiibandua plasta ya upasuaji wa jana kwenye jicho la kwanza, taratibu, akimwambia mgonjwa asilisugue. Mke wa fundi alipepesa, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Aliliona dirisha. Alimwona nesi, akamwambia, "Kumbe wewe mdogo hivyo." Kisha akamgeukia mumewe, akamtazama, na ile furaha usoni mwake ikasita.

Alimtazama nywele, mashavu, mabega ndani ya suti yenye vumbi la matofali.

"Mzee," akasema. "Umechoka hivi tangu lini?"

Fundi alitaka kumjibu kwamba ni usiku mmoja wa benchi. Mdomo ukafunguka, uongo ukakataa kutoka.

"Siku nyingi, mama watoto," akasema. "Siku nyingi sana."

"Na hukuniambia."

"Hukuniona, nami sikukuona."

Mama akasogea kitandani, akapiga godoro kando yake kwa kiganja.

"Basi njoo ukae hapa nikuone."

Akaenda, akakaa.