Kadi Niliyoisoma Mbele ya Sengu

Kwetu Matiri mwanamume alihesabiwa kuwa mzima kwa mambo mawili: anafyeka, na anakula kwenye sengu. Sengu ilikuwa kikao cha wanaume wa ukoo nyumbani kwa mkubwa wao. Kila jioni vyakula vililetwa kutoka majiko yote, ugali na maharage, siku za neema usipa, dagaa waliopanda na lori kutoka ziwani, na wanaume wakala kwenye sinia moja huku wakipanga kazi za kesho na kusema makosa ya leo. Sisi wanawake tulipika, tukaweka, tukaondoka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha watoto wa wanaume wale wale, lakini sengu niliijua kwa kuipa mgongo.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mfyekaji wa kutegemewa. Mashamba yetu yako kwenye miteremko mikali, kwa hiyo tunalima kwa ngoro, yale mashimo yanayoshika maji ya mvua yasishuke na udongo. Mwezi wa tatu wanaume hufyeka majani kwa nyengo, panga lile lililopinda ncha, huyaacha yakauke, kisha huyapanga miraba miraba juu ya mteremko. Wanawake huja nyuma yao, huchimba katikati ya mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Mwanamume asipofyeka, mkewe hana pa kuchimba, na njaa ya mwaka huo ina mwenyewe.

Kikohozi kilimwanza msimu ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani kwetu na magari yao. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya dawa yalifunguka pamoja nayo. Zamani aliyekohoa alikwenda zahanati akapigwa maswali. Sasa alishuka hadi sokoni Kitai, akanunua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la mtu ambaye juzi alikuwa anauza sabuni, akarudi. Kaka alifanya hivyo karibu mwaka mzima. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba anayekohoa kwa muda mrefu hutengewa sahani yake, akala kando, watoto wakiangalia. Kwa hiyo alitoka nje, akakohoa nyuma ya banda la mbuzi, akafuta mdomo, akarudi kwenye sinia. Mficha maradhi mauti humuumbua, wanasema. Wanasahau kusema anawaficha akina nani.

Homa za jioni zilipomkausha mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba, nilimpeleka hospitali mwenyewe. Makohozi yalionyesha kifua kikuu. Alilazwa miezi miwili, sindano kila siku, kisha akaruhusiwa kumeza vidonge vya zahanati miezi mingine sita. Dawa zile zilikuwa za bure, ingawa enzi hiyo hata bandeji ulitakiwa uende nayo. Miezi yote hiyo alikula peke yake barazani kwake, na sahani yake ikaoshwa kwa majivu na kuwekwa mbali na nyingine. Hakukosa kidonge hata kimoja. Alikuwa anameza ili arudi kwenye sinia, na aliniambia hivyo bila aibu.

Siku alipomaliza matibabu alikuja nyumbani kwangu na kadi ya zahanati. Aliomba niende kuisoma mbele ya sengu, maana wazee wasingemwamini yeye. Baba mkubwa, mwenye sengu, alikubali mwanamke aingie, kwa kuwa alikuwa mwalimu. Nitasema ukweli: nilijisikia. Nilivaa kitenge changu kipya kwa ajili ya kadi ya makohozi ya ndugu yangu. Nilisimama mbele ya wanaume wote wa ukoo nikasoma kwamba makohozi hayana vijidudu, amemaliza dawa, amepona. Kisha nikasoma tena kwa sauti kubwa zaidi, kama naongoza darasa.

Walimsogezea kigoda. Alinawa, akaingiza mkono kwenye sinia. Kabla hajalimeza tonge la pili, baba mkubwa akasema, "Mungu ashukuriwe. Basi kesho mteremkoni. Mtu mzima hali bure."

Hakuna aliyeuliza kifua chake kikoje. Mimi nilijua. Jioni ile ile, tulipopanda kutoka mtoni kwenda kwa baba mkubwa, kaka alisimama mara tatu ameshika magoti, na mara zote tatu nilimsubiri. Nilikuwa na habari hiyo mdomoni nikainyamazia, kwa sababu kadi ilikuwa imesema vizuri sana.

Akaanza kufyeka. Alifyeka hatua tano, akakaa. Wenzake walimpita, wakafika juu, wakageuka kumtazama. Wanawake waliokuwa wanangoja majani wakaanza kumcheka, mkewe akiwa katikati yao. Wakasema hospitali imemfundisha kulala. Wengine walinong'ona kuhusu ule ugonjwa mwingine wa miaka ile, UKIMWI, ambao watu hawakuutaja kwa jina. Angesema kwamba hawezi, ingekuwa anakiri bado anaumwa, na sinia ingemponyoka. Kwa hiyo hakusema. Na mimi, dada yake, niliyempeleka hospitali kwa mkono wangu, nilimwambia mbele ya mkewe, "Kaka, ugonjwa umekwisha hospitalini, sasa umalize na wa kichwani." Alichukua nyengo yake akaenda. Ukurasa mzima wa kujitetea ungeingia hapa, lakini sina hata neno moja la kuuwekea.

Wiki ya pili alikohoa damu juu ya majani aliyokuwa ameyafyeka. Haikuwa ile ya kuacha mstari tu kwenye kitambaa. Ilimjaa mdomoni mara kadhaa, nyekundu na yenye povu. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, na gari la mnunuzi wa kahawa likatubeba juu ya magunia.

Hospitali walipima makohozi yake. Hayakuwa na vijidudu. Wakapima tena kesho yake, hayakuwa navyo. Nilimkasirikia daktari, kijana mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi, nikamwambia darubini yao ni mbovu. Hakujibu ukali kwa ukali. Alichukua picha ya kifua, akaibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, akanionyesha. Sehemu ya juu ya pafu la kulia kulikuwa na shimo ambalo yai lingeingia. Chini yake kulikuwa na mistari myeupe iliyovutana.

"Mwalimu," alisema, "vijidudu tumevimaliza. Waliobomoa hapa, kwa sehemu kubwa, ni walinzi wa mwili wake mwenyewe."

Kisha akanieleza, na nilimfanya arudie mpaka nikashika. Kijidudu cha kifua kikuu hakina sumu kali ya kulibomoa pafu namna ile. Kinapoingia, chembe nyeupe za damu hukizingira, na zikishindwa kukiua huita nyingine, na hizo huita nyingine tena, na mahali pale pakavimba. Silaha yao moja ni kemikali kali zinazotengenezwa kutokana na oksijeni, hii hii tunayovuta tuishi, nazo huunguza kila zinachokigusa. Nyingine ni majimaji yanayoyeyusha nyama. Silaha hizo hazibagui kijidudu na ukuta wa pafu. Mwili una vitu vyake vya kuzipoza kemikali hizo, lakini mtu anayeumwa mwaka mzima bila tiba, huku hali vizuri, akiba hiyo humwishia wakati moto bado unachochewa. Panapoungua panabaki shimo, au kovu gumu lisilotanuka mtu anapovuta pumzi. Kwenye kuta za shimo mishipa ya damu hubaki dhaifu, na siku moja hupasuka. Dawa huua kijidudu, alisema, lakini haishoni pafu.

Nilimwambia kwetu watu huchoma majani ili kutoa panya, na wakati mwingine moto huo hupita panya ukaingia kwenye kahawa. Akasema ndivyo, na kwamba kaka alikuwa ameua panya wote na kupoteza shamba. Nikauliza kama anaambukiza. Akasema hapana, hata kidogo, ale na mtu yeyote. Lakini kupanda mteremko na kufyeka, basi.

Nilirudi kijijini nikiwa na hasira na furaha pamoja, maana nilidhani ninalo jibu. Kaka aliporuhusiwa, niliomba sengu tena. Nikawaeleza wazee yote: walinzi, moto, shimo, kovu. Nilitumia mfano wa panya, na vichwa vilitikisika kwa kuelewa. Nikasema haambukizi. Nikasema kazi ngumu itamuua. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya sinia, hajainua uso.

Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, tukimwita mzima, atafyeka kama wenzake. Tukimwita mgonjwa, atakula kando kama wagonjwa wote waliomtangulia. Wewe ndiye uliyesoma. Yeye ni nani?"

Nilirudia kwamba amepona vijidudu ila pafu limeharibika. Mmoja wa baba wadogo akasema hilo nimeshalisema, nijibu swali. Walikuwa na mahali pawili tu pa kumweka mtu, na mimi nilikuja na mtu wa tatu. Nikafikiria damu juu ya majani. Nikasema ni mgonjwa.

Kaka hakungoja kuambiwa. Aliinuka, akakibeba kigoda chake mwenyewe, akatoka nacho.

Nilimfuata hadi njiani. Alisimama kuvuta pumzi, akasema, "Mdogo wangu, ungeniacha nifyeke."

Aliishi miaka minne baada ya hapo. Hakufyeka tena, na mapafu yakamvumilia muda wote huo mpaka homa moja ya mvua za masika ilipomaliza kilichobaki. Ndani ya miaka hiyo sengu yenyewe ilisambaratika. Kila mtu aliuza kahawa yake kwa mnunuzi wake na kula kwake, mlango umefungwa, na wale wazee waliomtoa hawakuwa tena na sinia ya kumtoa mtu. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi. Jioni nilimpelekea chakula barazani kwake, nikakaa naye nile pia, asile peke yake. Alipokea sahani kwa adabu, akasema asante mwalimu, wala si mdogo wangu, akanigeuzia mgongo akala. Nilijua namna mapafu yale yalivyoungua, hatua kwa hatua, kuliko mtu yeyote Matiri. Nikakaa miaka minne nikiuangalia mgongo ule ukipanda na kushuka kwa shida.