Springi Nne za Twaha

Twaha alikuwa na miaka kumi na moja ya kuendesha bodaboda Kariakoo, na muda wote huo hakuna fundi aliyewahi kuigusa injini ya pikipiki yake. Kila kitu alikifanya mwenyewe uani, katika nyumba aliyopanga Mtaa wa Mchikichi, baina ya kamba za nguo na jiko la mkaa la mkewe, Shamsa. Wenzake kijiweni walimwita Injinia. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jumamosi hiyo alikuwa na kazi ya klachi. Alimwaga oili kwenye karai, akaiegemeza pikipiki ukutani, akafungua kifuniko cha upande wa kulia. Harufu ya kuungua ikampiga puani kabla hajaona kitu. Pleti za klachi, zile sahani nyembamba zinazozunguka ndani ya oili huku zikibanwa na springi nne, zilikuwa nyeusi tii. Pleti mpya alikwisha kuziloweka kwenye bakuli la oili tangu alfajiri, kwa sababu zikifungwa kavu haziishi siku nyingi.

"Baba Mboni," Shamsa akaita kutoka jikoni, "hilo si bakuli langu la mchuzi?"

"Nitaliosha."

"Lioshe, kisha ulie humo wewe mwenyewe. Mimi mchuzi wa klachi siuwezi."

Shamsa alicheka. Twaha hakucheka. Zilikuwa zimepita siku nane tangu klachi hiyo iungue, na aliyekuwa juu ya pikipiki siku hiyo alikuwa Goodluck.

Goodluck, baba wa watoto wawili kutoka Rombo, alikuwa deiwaka: dereva asiye na chombo chake, anayeshika cha mwenzake wakati mwenyewe anapumzika. Kila Ijumaa Twaha alipokwenda msikitini, pikipiki ilibaki kwa Goodluck. Walifanya hivyo miaka minne bila neno. Deiwaka hana mtaji mwingine ila jina lake. Kijiweni kwao ilikuwa desturi kwamba deiwaka akiharibu chombo, jina lake linakatwa daftarini, na halirudi mpaka mwenye chombo mwenyewe amsemee.

Ijumaa ile Goodluck alipata mzigo wa marobota mawili ya vitenge. Alipokuwa akiupandisha kutoka Jangwani, injini ikaunguruma kwa nguvu lakini pikipiki haikwenda. Akaisukuma hadi kijiweni, shati limelowa jasho.

"Umeniunguzia klachi!" Twaha alifoka mbele ya watu. "Unaibana nusunusu kama mtu anayejifunza!"

"Kaka Twaha, klachi yenyewe imelegea. Fungua uangalie springi."

"Wewe ndiye wa kunifundisha pikipiki yangu? Injinia hapa nani?"

"Injinia ni wewe!" wenzake wakaitikia kwa kicheko. Mwenyekiti wa kijiwe, Mzee Shukuru, akalikata jina la Goodluck kwa kalamu nyekundu. Goodluck akavua kizibao chake cha namba, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya benchi, akaondoka.

Sasa Shamsa alikuwa amechuchumaa kando ya karai. Alishika springi ya zamani kwa mkono mmoja na mpya kwa mwingine.

"Mbona hizi za zamani fupi?"

Twaha alijifanya anatafuta spana.

"Zote nne fupi, Baba Mboni. Tena zimekatwa. Ni huyo Goodluck aliyezikata?"

Aliuliza bila hila, kama mtu anayetaka kujua tu. Twaha akakosa pa kutazama.

Alizikata yeye, kwa msumeno wa chuma, miezi mitatu nyuma. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na kubana klachi kutwa nzima kukawa mateso. Angeweza kusema. Angeweza kwenda hospitali pale Upanga, alikokuwa akipeleka abiria kila siku. Lakini Injinia mwenye mkono mbovu ni Injinia gani? Akaondoa mzunguko mmoja kwenye kila springi, na klachi ikawa laini kama ya baiskeli ya mtoto. Lakini springi fupi hazibani pleti vya kutosha, kwa hiyo tangu hapo alibeba abiria mmoja mmoja, mizigo mizito akaikwepa. Twaha hakumwambia Goodluck. Hata alipokuwa akifoka siku ile, moyoni alikuwa anajua.

"Ni mimi," akasema.

Shamsa aliziweka springi chini polepole. "Na ukamwacha mwenzio akatwe jina?"

Twaha hakumaliza kufunga. Alikwenda kijiweni kwa miguu, mikono ina oili, akasema yote mbele ya Mzee Shukuru na wengine. Mmoja akaguna, "Kumbe Injinia wa msumeno!" Hakuna aliyecheka. Mzee Shukuru akafungua daftari, akaliandika upya jina la Goodluck. "Mpigie aje," akasema.

Simu iliita mara mbili kabla ya kupokelewa.

"Kaka Twaha, shikamoo."

Salamu hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Marahaba. Goodluck, springi nilizikata mimi. Nimeshawaambia wote. Rudi."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mbuzi na mtoto anayeita.

"Niko nyumbani, Rombo. Dar nilikaa siku tatu natafuta pikipiki. Kila niliyemfuata alikuwa ameshasikia. Nikauza kitanda, nikapata nauli."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe. Ila chombo cha mtu sishiki tena, kaka. Msalimie shemeji."

Simu ikakatika. Mzee Shukuru, kalamu bado mkononi, akauliza, "Anakuja lini?"

"Haji," Twaha akajibu.

Mzee akalitazama jina alilotoka kuliandika, wino wake haujakauka. "Nilifute, basi?"

Twaha akatikisa kichwa kukataa.