Pepeta ya Dada

Binti yangu alisema ufunguo wa pikapu yangu atautunza yeye. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anamenya viazi, macho yapo kwenye kisu, akanieleza kwamba tangu nifanyiwe upasuaji wa jicho hana amani kila gari linapotoka uani, na kwamba mtaa wa pili yuko mtu analitaka. Nikamwomba asimwite kwanza. Niende Mang'ula na kurudi peke yangu, mchana mmoja. Nikirudi na mkwaruzo hata mmoja, aliuze.

Mang'ula nilikuwa na jambo la kunipeleka. Mama yetu alituachia desturi: mpunga wa kwanza, ule ambao haujakauka vizuri, ukaangwe na utwangwe ungali moto, na pepeta hiyo aionje kwanza mkubwa wa tumbo. Mkubwa wetu ni dada yangu, aliyeolewa Mang'ula. Na mpelekaji awe yule aliyelima. Mimi miaka mingi nilimkabidhi kondakta wa basi mfuko, nikarudi zangu kulala. Nilisema barabara mbaya, na kweli ilikuwa mbaya. Lami ilipokuja nikaendelea vilevile, na hapo sina cha kujitetea. Dada hakulalamika. Aliipa jina tu: pepeta ya konda.

Basi asubuhi hiyo nikaweka kikapu kwenye kiti cha abiria, nikakifunika kwa kitenge, nikakifunga mkanda kama mtu. Binti yangu alisimama langoni mikono kiunoni hadi nilipokata kona.

Nje ya Ifakara bonde lilikuwa limefunguka lote. Mashamba mengine bado ya kijani, mengine yameshaanza kuwa na rangi ya mkate, na kushoto kwangu milima ya Udzungwa imejifunika ukungu hadi kiunoni. Jicho lile lililotibiwa lilikuwa linaona ndege mmojammoja juu ya mpunga. Niliendesha polepole, dirisha wazi, harufu ya pepeta ikinijia kila upepo ulipogeuka, na mimi sijaonja hata punje. Nilipita Kiberege watu wakipanga ndizi na vitunguu kando ya barabara. Mzee mmoja aliniinulia fimbo. Simjui, lakini nilimpigia honi kama ndugu. Nilijiona kijana, nisifiche.

Mbele kidogo, kabla ya Kisawasawa, nikaona basi linakuja kwa kasi.

Aliyejifunza kuendesha enzi za vumbi atanielewa. Zamani basi likija, hukubaki barabarani. Ulitoka pembeni kwenye majani, ukapandisha kioo, ukangoja wingu lipite ndipo uone tena dunia. Mikono yangu ilikumbuka kabla ya kichwa. Nilikata usukani kushoto, nikapandisha kioo, nikasimama kwenye majani. Basi likapita upande wake, pana lami tele, hakuna vumbi hata chembe. Mimi nikiwa nimeketi na kioo kimefungwa, nikahisi gari linaanza kuzama upande wa kushoto.

Mvua zilikuwa hazijaisha vizuri, na udongo wetu ukilowa haumwachii mtu. Nilikanyaga mafuta mara moja, tairi likazunguka bure, likajirushia tope hadi kwenye mlango. Nikazima.

Mama mmoja aliyekuwa anapiga mpunga wake wa mapema jirani na barabara aliacha fimbo, akaja akijifuta jasho. Aliniamkia vizuri, shikamoo babu, nami nikaitikia. Kisha akalitazama gari, akaitazama barabara tupu.

"Babu, lami imekuja zamani. Wewe bado unakimbia vumbi?"

Nilicheka hadi nikaegemea mlango. Alitaka kuita vijana wa bodaboda wasukume. Nilimwomba asiite mtu, anipe tu mabua na jembe lake. Nilikuwa nawaza kwamba vijana wakisukuma, hata ningerudi bila mkwaruzo, nisingekuwa nimerudi peke yangu.

Nilikunja suruali, nikapiga magoti. Nilichimba tope mbele ya tairi kwa jembe, nikashindilia mabua, juu yake nikatandika gunia tupu. Hayo niliyajua tangu ujana, na mgongo ulinikumbusha kwamba ujana umepita. Nikapanda, gia ya pili, mguu mwepesi kama wa kumpita mtoto aliyelala. Gari likatetemeka, likasita, likapanda lami taratibu. Yule mama akapiga makofi. Kikapu kilikuwa kimekaa palepale, na mkanda wake.

Nilipofika Mang'ula, dada alikuwa barazani anachambua mboga. Alipoona ni mimi ninayeteremka, tope hadi magotini, aliweka mboga kando, akanipokea kikapu. Alifunua kitenge, akachota pepeta kwa vidole, akatafuna polepole upande wenye meno. Kisha akanisogezea kikapu.

"Mwaka huu nimeletewa na aliyelima," alisema. "Haya, mdogo wangu, sasa onja."

Nimekula pepeta maisha yangu yote. Ile sitaifananisha na nyingine.

Nilipokuwa narudi, Kiberege palikuwa na vijana wanaosha pikipiki kwa pampu. Mmoja alinipungia kitambaa. Nilipunguza mwendo. Gari lingeoshwa, nyumbani hakuna ambaye angejua. Nikawaza yale niliyokwisha kuficha nyuma ya barabara mbovu, nikaona inatosha. Nikapita.

Jua lilikuwa bado juu nilipoingia uani. Binti yangu alitoka, akaona tope. Nilimwambia yote kabla hajauliza: basi, majani, kioo nilichopandisha bila vumbi. Alijizuia kucheka, hakuweza. Kisha akachukua ndoo na kitambaa, akalifuta gari upande ule wote, akapitisha kiganja toka taa hadi nyuma, akitafuta mkwaruzo.

"Nani alikusukuma?"

"Hakuna."

Aliinama akapapasa tena chini ya mlango. Alipoinuka, alikausha mkono kwenye kanga, akauchukua ufunguo niliokuwa nimeuweka juu ya boneti, akaenda kuuning'iniza kwenye msumari wake wa siku zote.

"Jumamosi nina mzigo wa kufuata Kiberege," alisema akiwa ndani. "Utanipeleka, baba. Ila basi likija, usitoke barabarani."