Kilo Mia Nane kwa Kila Tairi

Zuurakan ameuza matairi miaka kumi na tisa kwenye soko la makontena la Naryn, mji wetu wa milimani, na katika miaka yote hiyo hajafika mwanamume mgeni dukani pasipo kuchungulia nyuma yake akimtafuta mwenye duka. Yeye huwaacha wachungulie mpaka wachoke. Kisha huwauliza, "Umempata?" ndipo biashara huanza.

Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa ini, si kwa kupasukiwa na tairi kama watu wanavyopenda kusimulia ili hadithi inoge. Alimwachia kontena lenye matairi sitini, na hakuna aliyejua yapi ni ya gari gani. Zuurakan alichukua kitambaa na daftari, akafuta ubavu wa kila tairi na kusoma yaliyoandikwa. Wauzaji wenzake, wanaume watupu, walikuwa wakipima tairi kwa shibiri na kulipiga teke. Walimcheka wiki nzima: "Mwalimu anasahihisha matairi!" Aliyasahihisha yote sitini, na kumi na manne akayafelisha.

Jambo moja lilimkaa kooni. Kiwanja kilichokalia kontena kilikuwa cha kaka mkubwa wa mumewe, Ishenaly. Jina hilo nimelitaja mimi, yeye hakuwahi. Kwetu mke halitamki jina la kaka mkubwa wa mumewe, mume awe hai au amekufa. Kwa miaka thelathini na mmoja alimwita Kaka Mkubwa na kuinamisha kichwa kila alipoingia. Hata mwaka aliofundisha darasa lenye mtoto aitwaye Ishenaly, alimwita "wewe wa dirishani" hadi mtoto akafaulu na kuondoka.

Ijumaa moja ya Oktoba, Ishenaly alikuja sokoni na basi lake dogo akipiga honi. Kesho yake ukoo ulikuwa uende Kochkor, ng'ambo ya mlima Dolon, kumchukua mchumba wa mwanawe. Matairi yake ya zamani yalikuwa vipara, naye alikuwa amenunua manne mapya kwingine, meusi yanayong'aa, ya kupendeza macho.

"Shemeji! Njoo uone viatu vya harusi."

Zuurakan alichutama, akatoa kitambaa, akafuta ubavu wa tairi la nyuma. "Kaka Mkubwa, haya ni ya gari dogo la familia."

"Acha hizo. Namba ni zilezile. Mia mbili ishirini na tano, sabini, kumi na tano. Nimesoma mwenyewe, au kusoma unajua wewe peke yako?"

"Umesoma vizuri, ila umeishia njiani. Ya kwanza ni upana, milimita. Sabini ni kimo cha ubavu, asilimia sabini ya huo upana. Kumi na tano ni rimu, inchi. Zote hizo zinakwambia tairi litaingia. Kama litabeba, hazijui." Akaweka kidole gumba kwenye namba iliyofuata. "Ya kubeba ndiyo hii. Mia moja. Maana yake kilo mia nane kwa kila tairi, basi. La basi lako linatakiwa liandikwe mia moja na kumi na mbili, ambayo ni kilo elfu moja mia moja na ishirini."

"Mia moja, mia moja na kumi na mbili!" Ishenaly aliwageukia waliokuwa wamekusanyika. "Ananitisha na kumi na mbili!"

"Hiyo si hesabu ya kilo. Ni namba ya kutafutia kwenye jedwali, na jedwali ninalo."

"Tunakwenda watu kumi na wanne, shemeji. Hatupakii makaa ya mawe."

"Mnakwenda kumi na wanne. Na kurudi je?"

Hapo Ishenaly alikohoa. Nani asiyejua wakwe wanavyomrudisha mtu? Anarudi bibi harusi na kasha lake, magodoro ya sufu yamerundikwa mpaka yanagusa paa, mazulia mazito yamekunjwa, na kila mgeni amekumbatia fungu lake la nyama ya kondoo. Wanaume wetu huhesabu vichwa vya kwenda. Mzigo wa kurudi huhesabiwa na matairi, kwenye kona za Dolon.

"Wivu wa biashara huo," alisema mwishowe. "Na ukumbuke umekaa kwenye kiwanja cha nani."

Zuurakan alikunja kitambaa chake. Alirudi ndani na kujiandalia chai, lakini hakuinywa. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, maana bila kile kiwanja hakuwa na pengine pa kuweka hata spana.

Asubuhi basi lilipita sokoni kuchukua mikate. Lilikuwa limejaa shangazi na wajomba waliovaa vizuri, na mbele kabisa alikaa mama mkwe wake, bibi Batmakan wa miaka themanini na mmoja, kilemba cheupe kichwani. Zuurakan alisimama katikati ya njia akapunga mikono. Ishenaly alipiga honi, akamkwepa, akaongeza mwendo.

"Ishenaly!"

Sauti hiyo ilikuwa ya kunyamazisha madarasa matatu kwa pamoja. Muuza mikate alibaki ameshika mkate hewani.

Basi lilisimama kwa kishindo, na Ishenaly akashuka amewiva kwa hasira. "Umesemaje? Wewe mwanamke, umesemaje?"

Zuurakan alikuwa ameshampita. Akatoa chaki mfukoni, akaandika 800 kwenye tairi la kwanza, 800 kwenye la pili, akazunguka yote manne. Kisha, kwenye mlango wa nyuma, kwa herufi za ubaoni, akaandika 3200. Chini yake akaandika 3500, uzito wa gari likijaa, kama walioliunda walivyouandika kwenye kibati cha mlangoni.

Bibi Batmakan alikuwa ameshushwa kuja kuona kulikoni. "Hiyo ya juu ni nini?"

"Ndiyo nguvu ya matairi, mama."

"Na ya chini?"

"Ndiyo gari likijaa. Kabla bibi harusi hajaingia na magodoro yake."

Bibi kizee aliutazama mlango, kisha akamtazama mkwewe. "Umemtaja mwanangu kwa jina mbele ya soko zima. Hilo tutaliongea nikirudi." Akageukia basi. "Na mimi nataka kurudi. Shukeni nyote."

Walishuka. Shangazi mmoja alinung'unika kuhusu viatu vyake na tope, lakini alishuka. Ishenaly alibaki na basi tupu na watu kumi na watatu wakimtazama, na chaki mlangoni.

Matairi ya mia moja na kumi na mbili yalikuwa manne nyuma ya kontena, yamefifia, hayana mng'ao wowote. Zuurakan aliyafunga mwenyewe. Ishenaly alimsimamia muda wote, na lilipofikiwa tairi la mwisho aliinama, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

"Ukimaliza, uhamishe kontena lako. Wiki moja. Sitaki kuliona kwenye kiwanja changu."

Zuurakan alikaza nati ya mwisho kwa uzito wake wote, akashusha jeki, akasimama bila kuinamisha kichwa.

"Sawa," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza mikate. "Ila urudi kwanza, Ishenaly. Urudi mzima, uje unihamishe mwenyewe."