Ua wa Zaitoun kule Mvouni

Siku Zaitoun alipokuja kuomba kiwanja, Moinahalima alikuwa akipanga mafungu ya muhogo barazani kwake Magoudjou, na alimpima kuanzia miguuni. Viatu vilikuwa na udongo mbichi. Huyu si wa maneno matupu, akajiambia.

"Dada, natoka Mutsamudu, kisiwani Nzuwani," alisema Zaitoun. "Nasomea uelimishaji wa bustani, wa kujitolea. Nimebakiza mtihani: shamba darasa lenye wanafunzi kumi. Nasikia kwenu Mvouni kuna kiwanja kinalala tu."

"Kujitolea? Ufanye kazi usipewe kitu?"

"Ndiyo."

"Basi ama una wazimu, ama u mjanja kunishinda."

"Nipe kiwanja, utajua ni lipi."

Ulikuwa mwaka wa tano tangu mamluki waingie nchini. Mpishi wa kambi yao alizunguka sokoni kila asubuhi akitafuta saladi, akarudi na kikapu kitupu. Moinahalima alitoa kiwanja kwa sharti moja: kila kitakachovunwa kipite mezani kwake, auze yeye. Zaitoun alikubali papo hapo. Huyu binti wa kuli wa bandarini hakutaka mboga, alitaka cheti. Kwao Mutsamudu majirani walimsubiri, maana mradi uliomsomesha hautoi mbegu kwa kikundi kisicho na mwelimishaji aliyefaulu.

Wanafunzi walitoka katika ukoo wa Moinahalima. Matuta yalisimama, mbuzi wakayala mara mbili. Zaitoun akafanya kama wanavyofanya kwao Nzuwani: alikata pingili mbichi za miti, akazichomeka kuzunguka kiwanja ziwe ua. Baada ya wiki tatu zilichipua majani.

Jumatatu, Kalathoumi, dada mkubwa wa Moinahalima, alipanda mlimani Mvouni na panga mkononi.

"Nani kapanda miti kwenye ardhi ya mama yetu?"

Majembe yote yakatua chini. Huku Ngazija, ardhi ya namna ile hutoka kwa mama ikaenda kwa binti. Aliyeazimwa anaweza kupanda maharage, avune, aende zake. Anayepanda mti amekwisha kuweka mguu kuidai ardhi.

"Mbona hukuniambia?" Zaitoun alimnong'oneza Moinahalima.

"Ningejuaje kwamba kuna mtu duniani asiyejua?"

Mkaguzi wa mtihani, Bwana Saïndou, alikuwa aje Alhamisi. Wanafunzi walishaanza kujifunga leso waondoke. Zaitoun akainama, akang'oa pingili ya kwanza, kisha ya pili.

"Dada Kalathoumi, nimekosa. Nang'oa zote, na wewe unaona. Lakini mbuzi hajui ardhi ni ya nani. Kata mpya, upande kwa mkono wako mwenyewe."

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi kupanda mti?"

"Sikufundishi. Nakushikia panga."

Wanawake wakaangua kicheko, na Kalathoumi naye kidogo, akajizuia. Alichomeka ya kwanza, ikalala. Zaitoun alitamani kuinyoosha, akafunga mikono nyuma.

"Haya, sema basi! Umesimama kama bwana harusi."

"Ikandamize kwa kisigino."

Alhamisi Saïndou alikuta ua umesimama na wanafunzi kumi wakibishana juu ya nafasi ya kuacha kati ya pingili na pingili, mwalimu yuko pembeni, mikono safi. Wenzake Zaitoun walikuwa wamelima bustani za kupendeza kwa mikono yao wenyewe, wanafunzi wakitazama. Wawili walianguka. Zaitoun alifaulu, akapanda ndege kurudi Nzuwani na magunia mawili ya mbegu.

Moinahalima alibaki na hasara. Ukoo ulisema waziwazi: aliyepanda ndiye mwenye kuvuna. Mpishi akawa anakwea mwenyewe hadi Mvouni kununua, na meza ya Magoudjou ikapata bilingani zilizobaki. Mwezi mmoja alinung'unika. Wa pili alikwenda kwa dada yake kuomba tuta.

"Lililobaki ni lile la mwisho," alisema Kalathoumi. "Lina mawe."

"Nipe."

Aliyatoa mawe kwa siku nne, mgongo ukimuuma. Kabla ya Ramadhani alikuwa akikata saladi yake mwenyewe, na mpishi alikwisha kujua ni mwanamke yupi pale juu asiyepunguza bei.