Nilikuwa Nyekundu

Shule yetu ya binafsi kule Mirdif, Dubai, ilikuwa na mganga wake wa kuagua. Wenyewe waliuita mfumo. Mwalimu yeyote aliyetaka kufanya mtihani wa cheti cha ukuu wa shule alikalishwa kwanza mbele ya kompyuta, akajibu maswali ya majaribio, akaeleza alisomea wapi na amefundisha wapi, kisha mfumo ukampa rangi. Kijani, utafaulu. Nyekundu, utaanguka.

Mimi nilipewa nyekundu. Nyumbani Kenya nilikuwa naibu mwalimu mkuu. Nimetuliza wazazi waliokuja na fimbo, nimeendesha shule nzima mkuu wangu akiwa hospitalini. Hapa Dubai nilikuwa mwalimu wa darasa la nne, na bila cheti hicho ningebaki hapo mpaka nizeeke. Mfumo haukuuliza habari za wazazi wenye fimbo.

Rangi peke yake ningeivumilia. Kilichonichoma ni utaratibu. Walimu wa kijani walipewa ruhusa kila alasiri, wakaletewa mkufunzi. Na madarasa yao alishika nani? Sisi wekundu. Wao wakifundishwa namna ya kuongoza shule, mimi nilikuwa langoni naelekeza magari ya madereva waliokuja kuchukua watoto, jua likinipiga utosini. Unamnyima mbuzi majani, halafu unajisifu kwamba ulijua hatanenepa! Nilimweleza madam, mkuu wetu, maneno hayo hayo kwa Kiingereza, nikamwacha tu mbuzi. Akanijibu, kwa upole wa kuudhi, kwamba mfumo haujawahi kukosea.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Nilikuwa nakaa mtaa wa International City, chumba kimoja na Mkenya mwenzangu aliyepokea wageni hotelini na kuongoza ushirika wetu wa maombi. Yeye aliagua kinyume. Mtihani ukiwa bado mbele, akawaita akina dada wa ushirika, wakaja na keki iliyoandikwa hongera.

"Usiseme nikifaulu," akanionya. "Sema nimefaulu. Tunakiri kwa imani, madam principal!"

"Dada, niache nisome kwanza."

"Aki wewe! Ukisoma hivyo ni kama huamini."

Niliila ile keki kwa hasira, na ilikuwa tamu, jambo lililonikasirisha zaidi. Kisha nikasoma ndani ya basi la kwenda metro, nikasoma langoni honi zikilia, nikasoma bafuni wapangaji wenzangu wakigonga mlango.

Nilifaulu. Nililia kwenye korido ya shule bila haya, watoto wakinitazama. Mwenzangu wa chumbani akasema, si nilikwambia? Madam akanipa mkono, akaondoka haraka. Nikadhani ameona aibu, nikamsamehe. Mjinga mimi.

Mwaka uliofuata aliitisha kikao cha walimu waliotaka kufanya mtihani, nami akanialika niwe mfano kwao. Aliyeketi kando yangu alikuwa mwalimu wa hisabati, Mganda mmoja mpole, ambaye asubuhi ile mfumo ulikuwa umempa nyekundu. Madam akawasha picha ukutani: wote waliofaulu mwaka uliopita, na rangi zao. Wote kijani. Na mimi nimo, kijani kama mchicha.

Nilidhani macho yangu yana kasoro. Kikao kilipoisha nikamfuata ofisini.

"Madam, mimi nilikuwa nyekundu."

"Khalas, basi, mwalimu, tulisahihisha," akasema, bila hata kuinua uso. "Matokeo yako ndiyo yaliyotuonyesha rangi yako ya kweli."

Nilitoka nje. Jasho langu lote la langoni, na sifa kapewa kompyuta! Nikaenda moja kwa moja chumba cha walimu kumtafuta yule Mganda. Alikuwa ameshaondoa jina lake kwenye orodha ya mtihani.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Dada, umeona mwenyewe. Hakuna mwekundu hata mmoja aliyepita."

"Mimi! Mimi nilikuwa nyekundu. Wamebadilisha."

Akanitazama kwa huruma, akatabasamu.

"Asante kwa kunipa moyo," akasema. "Lakini nimekuona ukutani kwa macho yangu."

Kengele ikalia. Akakusanya vitabu vyake, akaenda kushika darasa la mwalimu wa kijani.