Barabara ya Manga Ndani ya Televisheni

Nilikuwa mgonjwa wa rali, na dawa yake haikupatikana Kebirigo. Kila Pasaka nilitega sikio redioni nikifuata magari yaliyokuwa mbali kabisa na kwetu, huku binamu zangu wakiniuliza msichana anatafuta nini kwenye vumbi la wanaume. Nilitaka kujua tu. Dereva huona nini anapoingia kona asiyoijua? Kwa nini gari linalokwenda kasi zaidi ndilo linaloonekana limetulia?

Baba angeweza kunijibu. Alikuwa dereva wa lori la majani chai, akikusanya magunia vituoni kutoka Kebirigo hadi Manga, mvua inyeshe, jua liwake. Lakini mwaka ule ugonjwa wa sukari ulimla mguu wa kulia, ukakatwa chini ya goti, na tangu arudi kutoka hospitali alikuwa hajavuka lango letu. Jirani akija na pikapu kumpeleka kanisani, anasema amechoka. Mgeni akitaja barabara, anageuza mazungumzo. Mama alikuwa ameacha kumbembeleza. Mimi niliogopa kwamba tunamzika polepole angali hai, pale pale kwenye kiti cha sebuleni.

Wakati huo nilikuwa karani wa kaunta katika duka la spea za magari mjini Kisii, mali ya familia ya Kihindi iliyokaa pale tangu enzi za babu yao. Kijana wa mwenye duka ndiye peke yake aliyeuelewa ugonjwa wangu wa rali. Nyuma ya duka alikuwa na mashine ya gemu ya magari, na saa ya chakula tulishindana, akinicheka kwa sababu nilipinda mwili mzima kila kona. Siku moja niliacha kucheza, nikabaki kuitazama skrini. Gari lilikuwa pale pale. Barabara ndiyo iliyokuwa ikija.

"Ile kamera ya mjomba wako," nikamwambia, "inaweza kupiga picha gari likitembea?"

Mjomba wake alikuwa ameleta kutoka ng'ambo kamera ya video ya kidijitali, ndogo ya kuenea kiganjani. Jumapili tukatoka na pikapu ya duka, yeye kwenye usukani, mimi kando yake nimeikumbatia kamera kifuani, Kebirigo hadi Manga. Jioni tukabeba televisheni ndogo ya dukani hadi nyumbani kwetu, tukaiunganisha na betri ya gari.

"Tata," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "tumekuletea gemu." Nikampa kifuniko cha sufuria kiwe usukani.

"Hiki kirudishe jikoni," akasema.

Barabara ikaanza kuja, chai upande huu, migomba upande ule. Baba alikuwa amekunja mikono. Kijana wa dukani akanikonyeza kwamba tuzime, nami niliona aibu kwa kumchezea mtu mzima hivyo. Kisha mteremko wa kwanza ukatokea, nikaona paja la baba la kulia likikandamiza kiti. Alikuwa anafunga breki kwa mguu usiokuwepo.

"Simamisha!"

Nilidhani tumemuumiza.

"Nani alikuwa ameshika hii kamera?"

"Mimi, Tata."

"Umekaa wapi?"

"Upande wa abiria."

"Si ndiyo maana! Hii ni barabara ya tanboi, msaidizi wa lori, si ya dereva. Ukikaa hapo huoni kona, unaona mtaro tu. Na wewe kijana unaendesha kama umebeba mayai."

"Pole, mzee. Turudie?"

"Mtarudia aje na hamjui? Kesho mapema, kabla hamjafungua duka, mnipakie. Kamera ishikwe karibu na sikio la dereva. Mimi nitakaa mbele, niwaambie kona moja moja."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikashindwa yote mawili. Kijana wa dukani alijifanya anakagua nyaya.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakumwuliza baba kama ana hakika, wala hakumshukuru Mungu kwa sauti. Alikwenda akatia makaa kwenye pasi, akarudi na suruali ya baba ya kanisani, akaitandaza mezani na kumwuliza ule mguu wa kulia aukunje mpaka wapi.